Mkaza Mwana wa Sitaha ya Sita

Itumba, Ileje
9 Septemba 2024

Kwako mama Frida,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, isipokuwa goti la mama mkwe wako, ambalo halijatulia tangu baridi ya Juni. Anasema litapona siku watu watakapoacha kumwuliza habari zake. Frida hajambo. Amekuwa wa nne darasani, nami nimemwambia kwamba wa nne si wa kwanza. Wewe je, afya yako ikoje?

Tangu mwanangu Yesaya azikwe, mimi na wewe hatujasemezana ila kwa kupitia mama mkwe wako. Ndivyo desturi yetu inavyotaka: mkaza mwana hasimami mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, wala hatamki jina lake. Lakini karatasi haina uso, kwa hiyo naandika.

Jumapili iliyopita Aliko, ndugu yake Yesaya, alikuja kutoka Saza akasema mbele ya wazee kwamba Frida akakae kwake. Maneno yake niliyaandika papo hapo: "Mama yake anatandika vitanda vya wanaume baharini miezi tisa kwa mwaka. Hakuna ajuaye anaishije. Mtoto wa ukoo hawezi kulelewa na vocha ya simu." Wazee waliitikia kwa vichwa. Kikao cha ukoo kitakaa Desemba, na mwenyekiti wake ni mimi.

Siwezi kutetea jambo nisilolijua. Nieleze meli hiyo ni ya namna gani, mtu anayeingia humo hukutana na nini, wewe unalala wapi, unakula nini, na unaingia vyumba vya nani. Usipambe. Lililo baya liandike vilevile, kwa maana nikilisikia kwanza kinywani mwa Aliko sitakuwa na jibu.

Tuma kwa simu ya Grace wa steshenari, atanichapia. Husoma kila kitu kabla yangu, basi mpe salamu zake, asije akajiona mpelelezi.

Ni mimi,
Babu yake Frida

*

Melini
6 Oktoba 2024

Mheshimiwa babu yake Frida,

Shikamoo. Salamu hii naileta kwa magoti. Mimi ni mzima, ila miguu huvimba jioni. Mpeni mama pole ya goti, sitaliuliza tena. Dada Grace, salamu zako hizi hapa.

Meli yetu ni ya kati. Ziko kubwa za watu elfu tano, ziko ndogo za watu mia moja. Yetu huchukua abiria elfu moja na mia mbili, na sisi wafanyakazi tu mia sita. Ni ya watu wenye nafasi, lakini si matajiri wa kutisha. Wengi ni wastaafu: walimu, madaktari, wajane. Watoto ni wachache sana.

Abiria akiingia hupewa kadi moja. Hiyo hufungua mlango wake, hulipia vinywaji, na huonyesha kama ameshuka bandarini au amerudi. Kabla meli haijaondoka, kila mtu, awe nani, huenda kwanza mahali pake pa kukusanyikia, afundishwe la kufanya ikitokea hatari. Mimi husimama kwenye ngazi za sitaha ya sita nikiwaelekeza. Asiyefika huitwa kwa jina mpaka apatikane. Jioni kila chumba hupata karatasi ya mambo ya kesho: bandari gani, chakula saa ngapi, mhadhara wa nini. Ukumbi mmoja wa chakula watu huhudumiwa wakiwa wamekaa. Mwingine hujipakulia wenyewe, na wengi hupakua kuliko wanavyoweza kula. Jioni nyingine wanaume hufunga tai. Maktaba ipo. Bahari ikichafuka hupewa matufaha ya kijani na biskuti kavu, na mifuko ya karatasi huchomekwa kwenye vishikio vya ngazi. Wanaotapika kwanza ni wale waliosema hawatapiki.

Hayo ni ya abiria. Sisi tuna ngazi zetu nyuma ya kuta, na njia moja ndefu huko chini itokayo mwanzo hadi mwisho wa meli. Nalala sitaha ya pili, chumba kisicho na dirisha, vitanda viwili vya kupandana. Mwenzangu ni mama wa Kifilipino, naye ameacha watoto watatu. Kila siku tunakula wali. Ugali haupo, nimeuota mara mbili. Mfanyakazi akikutwa chumbani mwa abiria pasipo kazi, hushushwa bandari inayofuata na kurudishwa kwao.

Vyumba vyangu ni kumi na sita. Navitengeneza asubuhi na jioni: vitanda, bafu, taulo, kufagia. Ndiyo, naingia vyumba vya wanaume. Shemeji Aliko hakusema uongo. Lakini wenyewe huwa wametoka, mlango nauacha wazi, na toroli ya mashuka husimama pale mlangoni.

Mbusuni Frida. Nafasi ya nne si mbaya.

Ni mimi,
Mama Frida

*

Itumba, Ileje
21 Oktoba 2024

Kwako mama Frida,

Barua imefika, nasi hatujambo. Grace ameshukuru. Mama mkwe wako amecheka habari ya wanaotapika kwanza. Anasema Aliko angekuwa mbele yao wote.

Umeeleza vizuri. Hata hivyo kuna pengo, na mimi nimesahihisha kazi za wanafunzi miaka thelathini na minne, sipiti pengo nikalifumbia macho. Umeandika kwamba wanaume huwa wametoka. Na asiyetoka? Mzee mgonjwa wa mguu hatoki. Unafanyaje? Hilo ndilo Aliko atakalouliza kwanza.

Alikuja tena. Amemletea Frida viatu. Mtoto akaniuliza kama Saza kuna shule. Shule ipo. Kuna pia mapacha wa miezi minne wa Aliko na mkewe Jenista, na sikusikia kwamba wamepata yaya. Sisemi zaidi, Aliko naye ni mwanangu.

Kikao ni tarehe 14 Desemba. Jibu mapema.

Babu yake Frida

*

Melini
1 Desemba 2024

Mheshimiwa babu yake Frida,

Shikamoo. Naamini mama anaendelea, na Frida pia. Mimi mwili ni mzima. Nimechelewa kwa sababu swali lako lilinikuta tayari nimo matatani kwa jambo hilohilo, na sikujua mwisho wake ungekuwaje.

Chumba namba 614 alikaa mzee wa Kiholanzi, mjane, mwenye mvi tupu, anayetembea kwa fimbo. Umri wake ni kama wako. Mara nyingi hakutoka, kwa ajili ya mguu. Akiwa ndani sikuingia. Nilizunguka vyumba vingine hadi alipokwenda kula, na siku nyingine kitanda chake kilikaa bila kutandikwa hadi saa nane.

Siku moja tulikutana ujia mwembamba wa sitaha ya sita, mimi nimebeba taulo. Sikuwaza. Nilichuchumaa, nikaugeukia ukuta, nikafunika uso kwa taulo, kama ambavyo ningefanya kwenye njia ya kwenda kisimani kwetu nikikutana nawe. Yeye akasimama. Akaniambia kitu, sikujibu. Akazunguka, akaenda ofisini.

Kumbe alikwenda kusema: "Mwanamke yule ananiogopa. Kuna mtu amemwumiza. Mtafuteni." Mkuu wa vyumba akaniita. Akaniuliza mara tatu, "Mzee amekugusa? Kuna mwingine aliyekugusa?" Nikasema hapana. "Basi kwa nini ulijificha?" Kiingereza changu hakikutosha kueleza ukwe. Nikasema, "Anafanana na baba wa mume wangu." Akaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikasema amefariki. Akaandika kwamba nina majonzi, akanipeleka kwa nesi, na nesi akanipa vidonge vya usingizi, ambavyo sikuvimeza.

Majonzi hayakuniokoa. Kusalimia abiria kwa uso mkunjufu ni sehemu ya kazi. Nimepewa onyo la maandishi. La pili likija, mkataba hautaongezwa.

Hilo ndilo jibu la pengo. Lisome kikaoni kama unaona lafaa.

Mama Frida

*

Itumba, Ileje
17 Desemba 2024

Kwako mama Frida,

Pole kwa onyo. Huku hatujambo, mvua zimeanza vizuri.

Kikao kimekaa. Nilisoma barua zako zote tatu... nasema vibaya, ni mbili. Nimezisoma mara nyingi mno. Nilipofika kwenye taulo usoni, mzee Anyosisye alipiga goti lake akasema, "Huyu ana adabu hata pale asipoonwa na mtu! Wake wa wana wetu wa hapahapa hukutana nasi sokoni na kutupita kama magunia!" Watu wakacheka. Nikadhani mambo yamekwisha.

Aliko akasimama. Akasema, "Barua ni barua. Mtu huandika apendavyo. Machi atakuwa likizo, aje aseme mwenyewe mbele ya kikao. Asipoweza kusema, mtoto aende Saza." Wazee wakaona ni haki, wakapitisha. Aliko anajua ninayekaa kiti cha mbele ni mimi, na kwamba mbele yangu huwezi kufungua kinywa. Nilisema nitampisha mtu mwingine kitini. Wakakataa, mkubwa ni mimi.

Sasa sikia. La kwanza: yule mzee wa 614 si mkwe wako. Hakutoa ng'ombe kwa wazazi wako huko Tunduma. Unapowapa watu wa mbali heshima iliyo ya nyumba hii, unawatisha bure. Msalimie kwa kumtazama. Hiyo ni amri.

La pili: desturi yetu ina mlango wa kutokea, ingawa haujatumika mara nyingi. Baba mkwe akimpa mkaza mwana jembe jipya, mkono kwa mkono, mwiko umefunguliwa. Baba yangu alimfungulia mke wa ndugu yangu mkubwa hivyo, mwaka aliobaki peke yake na wagonjwa wawili. Jembe nimelinunua. Utalipokea siku ya kikao, kisha utasema.

Babu yake Frida

*

Melini
9 Februari 2025

Mheshimiwa babu yake Frida,

Shikamoo. Naomba mnifikishie salamu zangu kwa mama na kwa Frida. Afya ni njema.

Amri yako nimeifuata. Ilinichukua siku tano. Mzee alikuwa amerudi kwa safari nyingine, chumba kilekile. Watu kama yeye hurudi. Nilimkuta mlangoni nikasema, "Habari za asubuhi," macho kwa macho. Akaniuliza jina langu. Nikasema Leah. Naye akaniambia lake! Mzee mzima ananitajia jina lake, nami nilitaka kukimbia. Tangu hapo nilitandika kitanda chake yeye akiwa kitini anasoma, mlango wazi. Ameshuka juzi. Sikujua kama alifurahi.

Lakini yeye ni mtu wa kupita. Wewe si wa kupita. Kila nikijaribu kufikiri nimesimama mbele yako nasema, sauti hainitoki hata humu chumbani peke yangu. Mwenzangu aliniuliza ninaongea na nani. Nikamwambia naongea na jembe.

Natua Dar es Salaam tarehe 11 Machi. Nitashukia Mpemba, nichukue gari la Itumba. Sina hakika kama nitaweza. Nimeona ni vizuri ulijue hilo kabla, usije ukaaibika kwa ajili yangu.

Mama Frida

*

Itumba, Ileje
4 Mei 2025

Kwako Leah,

Natumaini umeripoti kazini salama na miguu haijaanza kuvimba. Sisi tu wazima. Mahindi yanakauka, mama mkwe wako anatembea hadi kanisani bila fimbo, na hataki isemwe.

Ulikaa hapa wiki tano, tulikula chini ya paa moja, na bado kuna jambo sikuweza kukuambia kwa kinywa. Naona karatasi imetuzoeza vibaya.

Kwanza nikupe yaliyofuata. Uamuzi wa kikao umeandikwa na kutiwa sahihi na wote, hata Aliko: Frida anakaa hapa, anasoma hapa, na likizo zako ni zako naye. Aliko alikuja wiki iliyopita kuchukua dada wa kazi wa huku kwetu kwa ajili ya mapacha. Alikaa, akanywa chai, akasema, "Baba, yule shemeji ana ulimi." Nikamwambia yeye ndiye aliyeomba kuusikia.

Wazee bado wanalirudia jibu lako. Ulikuwa umekwisha kueleza meli yote, kwa sauti ndogo, unaitazama meza. Aliko akakuuliza, "Miezi tisa humwoni mtoto. Hapo mama yuko wapi?" Nawe ukanyanyua uso ukasema, "Shemeji, hata kabla hajazaliwa nilikaa naye miezi tisa bila kumwona, na hakuna aliyeniuliza mama yuko wapi." Mama mkwe wako alicheka nyuma ya mlango hadi akakohoa. Mzee Anyosisye alisema kikao kifungwe, watu wana njaa.

Sasa jambo lenyewe. Kabla ya hayo yote nilisimama nikakupa jembe. Mimi ndimi niliyekuandikia kwa ukali kuhusu kutazama watu machoni. Ulipoushika mpini ule, ulinitazama. Aliyeangalia sakafu ni mimi. Kwa muda wote ulioshika jembe niliziangalia kandambili zako, na mpaka leo naweza kukuambia rangi ya mikanda yake.

Najua uliona. Hukusema kwa mama mkwe wako, maana angekwisha kunitania. Nakushukuru. Grace atakuwa amesoma kabla hujapokea, lakini yeye ni mtu mzima.

Likizo yako ijayo nitajaribu tena.

Baba mkwe wako,
Asajile