Mstari wa Poda Uani

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepiga mipira ya gofu uani kabla ya kwenda kufungua duka la dawa. Juu ya zulia jipya la mazoezi, lile la nyasi bandia. Yote safi. Mlio mtamu. Mkanda wa kubana viwiko umeniachia alama mikononi. Mume wangu alikuwa dirishani na chai yake: "Mama Ntumba, banakufunga sawa kuku ya soko!" Acheke.

Tarehe 30 ni mchujo wa kilabu. Wanawake wanne watavuka mpaka pale Sakania kwenda Ndola, kucheza gofu na Wazambia. Watatu wanajulikana tayari. Nafasi ya nne ni yangu au ya Odile, yule wa benki. Mwaka jana nilienda kama mchezaji wa akiba. Nilishinda juani nikiwashikia wenzangu miavuli na chupa za maji. Sitashika tena chupa ya mtu.

Jumamosi, 9 Agosti

Uwanjani. Aibu tupu. Mipira inayoruka uani leo ilitambaa chini kama panya. Mmoja ulijificha nyuma ya kile kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba yetu, nikauokota kwa mkono. Odile alinipa pole. Pole yake imeniuma kuliko mchezo.

Nimejiandikisha kwenye masomo mengine ya video. Kocha wa Ulaya, meno meupe. Anaahidi kuponya mpira unaokwenda kulia, unaokwenda kushoto, mgongo na hofu.

Jumatano, 13 Agosti

Nina makocha watatu kwenye simu. Wa kwanza anasema piga kwa kushuka, ung'oe kipande cha nyasi. Kwake kuna umande na udongo laini. Mimi ning'oe nini? Agosti hii ardhi yetu ni tofali. Fimbo imegonga ikadunda, kiwiko kinawaka moto. Wa pili anasema polepole. Wa tatu, kwa nguvu. Nimewatii wote watatu. Sasa hata kutembea natembea vibaya.

Nina hasira. Siachi.

Ijumaa, 15 Agosti

Dukani aliingia mama mmoja muuza unga, amejifunga kichwa kwa kitambaa. "Mama Pharmacie, unipatie ya malaria, ya minyoo na antibiotique. Zote. Moja itapiga tu."

Nikamkaripia, ndiyo kawaida yangu. Ugonjwa hupimwa kwanza, dawa baadaye. Nikamwelekeza maabara. Akaniangalia: "Njo vile, mama. Lakini weye, ukigonjwa unapimaka?"

Tulicheka sote wawili. Nyumbani kicheko kikanikauka. Zulia, mkanda, makocha watatu. Na sijui ninaumwa nini! Kweli mganga hajigangi.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya misa nilichukua kopo la poda ya watoto. Nikaliviringisha zulia kando. Nikachora mstari mweupe kwenye udongo mwekundu, mpira juu ya mstari. Nikapiga. Kovu la fimbo liko nyuma ya mstari. Nikapiga tena. Nyuma. Tena. Nyuma.

Kumbe nagusa ardhi kabla ya kugusa mpira. Kwenye zulia fimbo inateleza tu, mpira unaondoka vizuri, nami najisifu. Kwenye ardhi kavu ya kilabu inadunda. Zulia lilikuwa dawa ya maumivu: lilinifichia homa. Mkanda nao hauna kosa, ila unatibu mgonjwa mwingine.

Nimekasirika, halafu nimefurahi. Ugonjwa una jina.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimewachuja makocha jinsi ninavyowachuja wauzaji wanaoniletea dawa dukani. Inatibu nini? Imejaribiwa kwa mtu kama mgonjwa wangu? Ni nani asiitumie? Anayejibu kwamba inafaa kwa kila kitu, mlango ule pale.

Meno Meupe ametoka wa kwanza. Amebaki mmoja, mnene, hana mzaha, anafundishia kwenye nyasi za manjano zilizokauka. Somo moja, kosa moja. Haahidi chochote. Huyo.

Jumanne, 26 Agosti

Ua wote makovu. Mume wangu anauliza kama nataka kupanda mahindi. Makovu mengi sasa yako mbele ya mstari. Si yote.

Alhamisi, 28 Agosti

Odile alinikuta kilabuni, amefurahi. Amenunua zulia kama langu. Mipira yake uani ni safi, anasema. Mlio mtamu.

Nilimuaga. Nilifika hadi kwenye gari. Nikaona kwamba kama ingekuwa dawa isiyofaa, nisingenyamaza. Nikarudi, nikamweleza kila kitu: zulia, mstari, poda ya watoto. Akanikata jicho. "Mama Ntumba, unataka niache mazoezi siku mbili mbele ya mchujo? Miye haiko mutoto."

Basi. Nimesema. Najuta kidogo, na ningesema tena.

Jumamosi, 30 Agosti

Mchujo. Mimi na Odile tulikuwa sawa mpaka shimo la mwisho. Mipira yetu yote miwili ilitua kwenye kipara cha udongo, karibu na kichuguu, hakuna hata jani. Odile alitangulia. Nilisikia fimbo ikigonga ardhi kwanza. Mpira wake ukatambaa, ukalala.

Zamu yangu. Niliuona mstari mweupe ambao haukuwepo. Nikapiga. Mpira ukaruka.

Naenda Ndola. Nimelia ndani ya gari kama mtoto.

Jumatatu, 1 Septemba

Duka lilikuwa kimya. Mchana aliingia Odile, miwani ya jua usoni. Tulisalimiana vizuri. Alizunguka kwenye rafu, akasoma lebo za dawa za kikohozi, akarudi na kopo la poda ya watoto. Mtoto wake wa mwisho anasoma chuo kikuu, kule Kasapa.

Nikamfungia kopo lake. Akalipa. Alipotoka nilichukua kopo jingine rafuni, nikalitia kwenye mkoba wangu. Kesho naamka mapema.