Kabla ya Kuliwasha Tanuri

Kiunga,
Rajabu, mwishoni

Dada yangu Bi Zainabu, uliyenilea,

Pokea salamu nyingi zangu na za mke wangu Maryamu. Sisi tu wazima, alhamdulillahi, na mimba yake imetimia miezi sita. Goti lako je? Bado lakusumbua ukipanda ngazi?

Ndani ya kitambaa hiki utauona mkufu wa marehemu mama, ulioniletea niuuze nianzishe biashara ya mikate. Naurudisha. Tafadhali usikasirike kabla hujasoma.

Nilikwisha kumwita nahodha aende nao Mombasa. Maryamu akasimama mlangoni. "Kwanza nambia," akasema, "mikate isiponunuliwa, tutaishije?"

"Usinitakie mabaya, Maryamu."

"Sikutakii. Nakuuliza."

Nikahamaki, na nahodha akaondoka mikono mitupu. Siku mbili akawa akiniwekea chakula akaenda zake.

Ijumaa, niliporudi msikitini, nilikaa mkekani nikamwambia, "Haya, tuseme nimeshindwa. Kisha?" Tukazungumza hata alasiri. Tukaafikiana kuwa mkufu hauuzwi. Nitaanza na magunia mawili tu ya unga, niliyoyapata kwa jasho la cherehani. Na mikate ikiwa hainunuliwi hadi mwisho wa Shaabani, naacha. Lililobaki lilikuwa zito kuliko yote: kumwomba Bwana Athmani, fundi ninayemshonea, aniwekee nafasi yangu. Angeweza kunifukuza siku ile ile.

Alinisikiliza bila kuinua macho, akakata uzi kwa meno. "Wataka kuondoka, na ndia ya kurudi nikutunzie mimi?"

"Ndiyo, bwana. Nina mke mjamzito."

Akatunga uzi mwingine sindanoni. "Wenzako huondoka kwa matusi, wakarudi wakilia," akasema. "Nenda. Mpaka mwezi wa Ramadhani uandame, simpi mtu cherehani yako."

Basi asubuhi moja nikaliwasha tanuri nililolijenga mwenyewe uani. Majirani wamesimama na vikapu vyao. Mara nikasikia mlio, na paa la tanuri likaporomoka juu ya mikate yote. Dada, nikakaa chini pale pale vumbini. Mtu mmoja akacheka, wengine wakatawanyika. Maryamu akamwagia makaa maji, kisha akaniuliza, "Unga umebaki kiasi gani?"

"Gunia moja na nusu."

"Na Shaabani haijaandama. Inuka."

Mwashi, jirani yetu, akatuonyesha kosa: udongo ulikuwa haujakauka ndani. Tukalijenga upya, tukalikausha kwa moto mdogo wiki nzima, nami nikiziba kwa udongo kila ufa mwembamba kama unywele. Juzi nikaoka tena. Paa limesimama. Wa kwanza kununua alikuwa askari wa Bwana Disii, mkuu wa wilaya; alimega kipande akakitafuna pale pale mlangoni, nami nikimtazama mdomo kama mtu anayengoja hukumu. Akanunua mkate wa pili.

Nisalimie shemeji, mumeo. Umwombe radhi kwa niaba yangu, maana yeye ndiye aliyetaka nianze kwa kishindo. Msalimie na shangazi wa Shela, aniombee dua.

Jana ilibaki mikate kumi na mmoja. Leo imebaki sita.

Nduguyo mdogo,
Abdalla