Goti la Nambari Tisa

Xiaobei, Guangzhou
Novemba 1999

Kwa mjukuu wangu Maulid,

Huna haya wewe. Joto limekuja limeondoka, watu wameanza kuvaa makoti, na hujatia mguu hapa. Mume gani asiyemtazama mkewe? Na mimi ndiye mkeo wa kwanza, niliyekuogesha kabla hujajua kuwa una kitovu. Hasna, mke wa Rahim, ndiye anayeniandikia, na amenambia barua huanza kwa salamu, haianzi kwa ugomvi. Nimemwambia kalamu ni yake, mdomo ni wangu, aandike ninavyosema. Basi salamu hizi hapa: Asalaam alaykum, hujambo? Unakula nini huko? Unalala wapi? Goti li hali gani? Mimi sijambo, presha iko palepale, na meno yaliyobaki yanatosha kukung'ata.

Huku bado napika mkahawani kwa Abass, ghorofani palepale barabara ya Huanshi. Wateja wamezidi, wa Dar, wa Unguja, wa Bukoba, hata Wakongo siku hizi wanaujua mchuzi wangu. Laobani, bosi mwenye jengo, alipanda juzi akaziba pua kwa sababu ya papa mkavu niliyemkaanga, nikampa kipande, akashuka anajilamba vidole. Lakini ndimu zetu zile ndogo nikiuliza sokoni naambiwa meyo, hakuna, kila siku meyo. Neno hilo sasa nimelichukia. Nalisikia hata usingizini, na si la ndimu.

Ule mchezo wao wateja wa timu za ukutani haujafa. Naona hata Hasna haujui vizuri, kwa hiyo nausema upya. Kila mtu anachagua wachezaji watano wa ligi ya huku, na mmoja anamfanya nahodha. Majina yanabandikwa kwenye ubao wa katoni juu ya meza ya chai. Jumapili mchezaji wako akifunga bao kweli uwanjani, wewe unapata pointi, na akiwa nahodha zinakuwa mara mbili. Anayeshika mkia ndiye anayewamiminia wenzake kahawa Ijumaa ifuatayo. Watu wazima wenye makontena baharini, wanagombana kwa hilo kuliko wanavyogombania bei ya vitenge.

Kila Ijumaa wakishaswali isha, Rahim husimama kama khatibu akatoa hali ya kila mchezaji kwa wiki inayokuja. Akifika kwako hukohoa kwanza. Alikuwa akisema Maulid ana miaka thelathini na minne, goti la kuume limeshonwa likafumuka, uwanja wa wiki hii una tope, beki atakayemkaba ni kijana mwenye mbio, basi mwenye akili amwache nje. Halafu wote wananigeukia mimi. Nami najibu lilelile, nahodha wangu Maulid. Abass aliniuliza kama nachagua timu au nafanya matanga. Nikamwambia nazi kavu ndiyo yenye tui zito, yeye dafu hata mchuzi haungi. Walicheka mpaka vikombe vikalia. Lakini ulikuwa hufungi, Maulid. Wiki hii hukufunga, ijayo ukatolewa kabla ya mapumziko, nyingine hukuingia kabisa. Nilimimina kahawa mpaka mkono ukalizoea lile dele kama kidole cha sita.

Unajua pia kwamba gazeti la mpira ni la Kichina na hakuna hata mmoja wao anayelisoma, pamoja na kisomo chao chote. Wanatafuta namba ya jezi tu, hizo zinasomeka. Yako wewe ni tisa. Basi Jumatatu moja Rahim aliingia anapiga kelele toka chini ya ngazi, tisa amefunga. Wiki iliyofuata tisa akafunga mawili. Mkahawa ulipinduka. Wale walionicheka walikuja jikoni mmoja mmoja wakinibusu mkono. Abass akaniita mama wa mfungaji na akanikataza nisimimine tena kahawa. Rahim aliyekuzika kila Ijumaa alisimama akasema goti limepona, mzee amerudi ujana, asiyemweka Maulid wiki hii ajililie mwenyewe. Ubao mzima ukawa Maulid, Maulid, Maulid.

Usiku huohuo ukapiga simu. Wakanyang'anyana mkono wa simu kukupongeza, na wewe ukasema alhamdulillahi. Mimi nilipopewa nilikuuliza goti, ukanambia halina neno, kadi inakwisha, ukakata. Hukupiga tena mpaka leo.

Sasa hapa nimemtaka Hasna afunge mlango, na nimemwapisha.

Jumapili baada ya simu yako Abass alileta televisheni, mechi yenu ikaonyeshwa. Chumba kilijaa, moshi wa sigara, wanaume wamesimama juu ya viti. Tisa akapata mpira, akaukimbiza, akapiga, bao. Sakafu ilitikisika. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la sambusa, nikamtazama anavyokimbia, na sambusa zote zikaenda chini. Wakadhani ni furaha. Wakaziokota wakala hivyohivyo.

Maulid, wewe ukikimbia mguu wako wa kushoto unaingia ndani kama kuku aliyefungwa kamba. Umekimbia hivyo tangu ulipojifunza kusimama, nilikukanda kwa mafuta ya nazi mpaka nikachoka, Mungu akakataa kuunyoosha. Yule aliyekuwa kwenye televisheni ana miguu iliyonyooka kama michi. Kijana mweusi kama wewe, mrefu kama wewe, kichwa kipara kama chako, ndani ya jezi yako. Si wewe.

Na hawa ndio wanaume wanaolalamika kutwa nzima kwamba Wachina hawatupambanui, kwamba kwao mtu mweusi mmoja ni sawa na mwingine. Chumba kizima cha watu wetu kimemshangilia mtoto wa watu kikimwita Maulid.

Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni labda umelazwa, labda utapiga simu, labda shati wameazimana. Nikaendelea kupokea pongezi za mabao yaliyofungwa na mtoto wa mwanamke mwingine, na yule kijana naye ana bibi yake mahali. Nilikuwa naamka naulizia hospitali kwa kila dereva wa kago anayetoka huko kwenu, bila kutaja jina, wakaona bibi ameanza kupotea akili. Mpaka alipokuja Bibiana, yule mfanyabiashara wa viatu wa Bukoba. Hakukaa ukumbini. Alikuja moja kwa moja jikoni, akafunga bomba la maji ili nimsikie, akanambia amekuona Dongguan, kwenye ghala la kiwanda anakochukua mzigo, unapakia makatoni kwenye lori, goti limefungwa kitambaa. Alikuita, ukamgeuzia mgongo. Alinambia alilia ndani ya basi, na Bibiana si mtu wa kulia, anaweza kubishana na laobani mpaka laobani akamuomba radhi.

Kwa hiyo najua. Klabu imekutoa, shati wamempa mwenzio, na wewe umeona bora ubebe makatoni kwa goti bovu kuliko kupanda ngazi zangu. Nani alikufundisha hivyo? Si mimi. Goti hilo likikatika huko nani atakubeba? Mimi ni mzee, Maulid, sikuweki kwenye mgongo tena. Nitakesha mara ngapi nikisikiliza viatu ngazini? Nimekuomba kwa Mungu kila sijda, sasa nakuomba wewe mwenyewe. Nimepiga magoti, muulize Hasna, kalamu imemsimama.

Halafu liko la Jumapili. Klabu yenu inakuja kucheza hapa Guangzhou. Rahim amenunua tiketi, wamekodi basi, Abass ameshonesha bendera yenye jina lako, na wamenishonea na mimi kofia. Watakaa karibu na uwanja na tisa atapita mbele ya macho yao. Watajua. Na watakapojua utakuwa mwongo wa alhamdulillahi moja ya kwenye simu, na maneno ya hapa unayajua, yanafika Unguja kabla ya kontena. Ningeweza kuwaambia mimi, lakini si langu kulisema. Ni la mdomo wako.

Nami nimefanya jambo. Ijumaa iliyopita, Rahim alipofika kwangu na kalamu tayari kuandika nahodha Maulid, nilimwambia akutoe. Wakaacha vikombe wakanigeukia. Nilikushika wakati huna hata pointi moja, nikakutupa wakati kila mtu anakutaka! Rahim akaniapia kwamba huyu wiki hii atafunga, akanisihi kama anayemsihi mgonjwa anywe dawa. Nikamwambia atafunga, sijakataa. Ila wangu mimi simtaki tena ukutani, namtaka mezani, ale. Hakuelewa. Wewe utaelewa.

Barua hii anakuja nayo Bibiana kesho, na basi la kurudi utapanda naye. Nimempa na nauli, usimtolee maneno. Njoo Ijumaa kabla ya isha, wakiwa wote wamekaa. Useme mwenyewe, mara moja, halafu ukae. Watacheka, watatukana, Rahim atashika kichwa, kisha watakupa kikombe, maana nawajua. Na kahawa jioni hiyo utamimina wewe, tutamimina wote wawili.

Hasna anakusalimu, Abass na Rahim wangekusalimu lau wangejua naandika. Kula ushibe. Swali. Makatoni ya kesho waachie wenye magoti.

Mimi bibi yako, mkeo,
Mwanakhamis

Hasna alikwisha kuikunja karatasi, nimemwambia aifungue tena. Ukija usipite ngazi za nyuma za jikoni kama mwizi wa vitumbua, pita mlango wa mbele. Na usije na suruali, vaa kikoi, nilipate goti.