Nimeificha Gia ya Mke Wangu Kwenye Droo

Mpendwa mshauri, naomba unipe sikio na usinicheke, kwa sababu jambo langu ukilisikia juu juu utaona ni la baiskeli tu, kumbe ni la ndoa.

Mimi ni fundi baiskeli, mke wangu anauza kwenye duka la dawa mtaa wa pili, watoto wameshakua wako kwao, na mwaka jana alikuja na habari kwamba ameona watu wanacheza polo kwenye ule uwanja wa saruji nyuma ya shule, si ya farasi, ya baiskeli, watatu kwa watatu, kila mmoja ana kigongo mkononi na wanagombea mpira mdogo kama chungwa waupeleke golini, na mguu wako ukigusa chini unatoka kwanza ukaguse alama pembeni ndipo urudi mchezoni. Akaniambia, "Fundi, na mimi nataka." Hata nyumbani huniita Fundi. Nikamwambia, "Mama, wewe hata ngazi unapanda umeshika ukuta." Akasema, "Nitengenezee baiskeli, mengine niachie mimi."

Nikamtengenezea. Nilichukua fremu fupi iliyokuwa inakula vumbi ukutani, nikaukata usukani pande zote mbili ili akigeuka ghafla usimchome mapajani, breki zote nikazileta upande wa kushoto, akibana mara moja zinashika mbele na nyuma, maana mkono wa kulia una kigongo, nikamwekea pedeli pana zisizo na mikanda, na magurudumu nikayafunika kwa plastiki niliyoikata kwenye pipa la maji, nikaifunga vizuri kwenye spoki, kigongo cha mtu kisije kikaingia katikati gurudumu likagoma yeye akaruka. Kigongo chake alikitengeneza nahodha wao, ambaye ni fundi bomba, kichwa chake kipande cha bomba la plastiki. Yote hayo niliyafanya kama mzaha, nikijua akianguka mara mbili tatu ataniletea ile baiskeli niifungue.

Alianguka kweli, akarudi na magoti yamechubuka, akajipaka dawa ya dukani kwake, kesho yake akaenda tena, na mimi wala sikwenda kumwangalia mpaka siku nahodha alipopita karakana akaniambia, "Fundi, wewe mtu wa ajabu, umeunda kitu na hutaki kujua kinafanya nini." Nikaona aibu, nikafunga, nikaenda.

Mshauri, sijui nikueleze vipi. Nilimkuta mbele ya goli, baiskeli imesimama palepale, magurudumu hayaendi mbele wala nyuma na miguu yote iko kwenye pedeli, usukani ameupinda kidogo, baiskeli inatetemeka chini yake kama kitu chenye pumzi, na yeye ametulia kabisa, macho kwenye mpira. Akaja kijana mmoja mkubwa kwa kasi, mpira uko mbele yake, na mke wangu hakusogea, hakusogea, mpaka yule kijana alipopiga, ndipo akasogeza gurudumu la nyuma upana wa kiganja tu, mpira ukagonga ile plastiki ya pipa, na kabla sijavuta pumzi alikuwa ameshageuka, ameshaupiga kwa kigongo ukavuka uwanja mzima mpaka kwa mwenzake. Watu wakaita, "Ukuta." Ndilo jina lake pale. Mimi nimetengeneza baiskeli za watu maisha yangu yote ili waende kazini na warudi, sikujua baiskeli inaweza kumtii mtu namna ile, na huyo mtu nalala naye kitanda kimoja.

Tangu siku hiyo sijawa sawa. Tukikutana mlangoni nampisha kama mgeni wa heshima. Nikimwona anahesabu vidonge dukani naangalia ile mikono nasahau kilichonipeleka.

Sasa timu yao imealikwa kwenda kucheza mji mwingine, na wenyeji wamesikia habari zake, wamesema akipenda anaweza kubaki huko miezi sita awafundishe wasichana wanaoanza. Akaja akaniambia, "Fundi, hii gia ni nzito. Kazi yangu ni kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Niwekee gia yenye meno mengi nyuma, niwe mwepesi nikianza." Nikaagiza, ikafika, nikaizungushia kitambaa nikaiweka kwenye droo chini ya nyaya za breki, na kila akiuliza namwambia bado haijafika. Nilijua bila gia hiyo atachoka mapema, watamwona wa kawaida, atarudi nyumbani.

Juzi mchana alikuja karakana kutafuta bisibisi. Mimi nilikuwa chini nimeshika cheni ya mteja, mikono yote ina grisi. Nikasikia droo inafunguliwa. Nikasikia nyaya za breki zinasogezwa. Nikasikia inafungwa. Akaja akachuchumaa karibu yangu, akanishikia gurudumu mpaka nikamaliza, akasema, "Chakula kipo mezani," akaondoka. Tangu hapo hajaniuliza tena habari ya gia.

Wanaondoka Jumamosi. Je, nimfungie kimyakimya nijifanye imefika leo, au nifanyeje?

Ni mimi, fundi niliyekwama.

JIBU

Fundi,

Pole kwanza. Kumtazama mtu uliyedhani umemzoea ukagundua hujawahi kumwona si jambo dogo, na wengi hufa bila kupata bahati hiyo. Kushangaa kwako nakuheshimu.

Droo yako siiheshimu. Umemwacha mkeo acheze na gia nzito, magoti yake yaumie, ili wewe usibaki peke yako na sufuria. Hayo si mapenzi, baba, hiyo ni hujuma, na umeifanya kwa kazi ya mikono yako mwenyewe, ambayo ndiyo heshima yako mjini.

Halafu unaniuliza kama ujifanye imefika leo. Ameiona. Huyo ni mtu anayesubiri mpaka mpira upigwe ndipo asogee. Unadhani hajui kukusubiri wewe? Angeweza kukuaibisha palepale karakana. Alikushikia gurudumu. Ukimdanganya tena sasa, utakuwa unamdanganya mtu anayekutazama usoni.

Tena nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomuuliza kama anataka kubaki huko miezi sita. Sikupaona. Walioalika ni wenyeji, aliyekubali ni wewe kichwani mwako.

Fanya hivi, leo hii. Toa gia, nenda nayo nyumbani na kitambaa chake, mpe mkononi. Sema, "Ilikuwa kwenye droo. Niliogopa utaondoka." Nyamaza hapo, neno "lakini" lisikutoke. Akikasirika, kasirikiwa. Kisha ifunge mbele yake, ongeza pingili za cheni maana ile ya zamani haitatosha, na usimkabidhi mpaka umezijaribu breki wewe mwenyewe. Ukimaliza muulize kuhusu hiyo miezi sita, na jibu atakalokupa lipokee kama lilivyo.

Jumamosi usifungue karakana. Mtafute nahodha, mwambie timu haisafiri bila fundi, kisha upande gari pamoja nao. Na mkifika huko, mtu akikuuliza umekuja na nani, jibu umekuja na mkeo.