Bibi Anataka Bima Kubwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu walipokutoa kwenye kazi ya kubeba mashuka. Sisi huku hatujambo, ingawa neno hilo leo nimelifuta mara mbili kabla ya kuliacha, nawe utajua sababu ukivumilia kusoma hadi chini. Shuleni naendelea vizuri. Mwalimu wa sayansi amenihamishia dawati la mbele, anasema nyuma nilikuwa nasinzia. Ukweli ni kwamba silali vizuri.

Unajua kwamba bima ya gari la Bibi huisha mwezi huu. Siku zote Bibi hukata bima ndogo, ile inayowalipa watu wengine tu ukiwagonga au ukiharibu mali zao. Husema gari lake ni mzee mwenzake, likifa lizikwe, nani atamlipa nani? Lakini juzijuzi tukiwa tunamenya viazi akasema ghafla kwamba sasa anataka bima kubwa. Anataka gari lenyewe liwemo, abiria wawemo, moto, wizi, kila kitu. Nikamwuliza kwa nini. Akaniambia nimenye viazi.

Hapo ndipo hofu iliponizidi, Mama, kwa sababu liko jambo ambalo wewe hulijui.

Tukienda shule mimi hukaa mbele, kushoto kwake, na kazi yangu ni kusoma barabara. Ndivyo Bibi anavyoiita. Natakiwa kutaja kila kitu kilicho upande wangu: baiskeli, mama na mtoto, gari jekundu linatoka. Aliniambia ananifundisha udereva mapema, kwani haiwezekani mtu aliyeendesha gari la wagonjwa hadi kustaafu alee mjukuu asiyejua barabara. Nilijivuna sana. Mtaa mzima bado wanamwita Bibi King'ora, na wenzangu darasani wananionea wivu.

Kisha ikafika siku ya mtihani wa historia. Nilikuwa nakariri kimoyomoyo, sikusoma barabara. Tukapita karibu mno na mzee mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa maji, hata kioo cha pembeni kikajikunja kwa kishindo. Yule mzee alitutukana matusi ambayo siwezi kumwandikia mama yangu. Bibi, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumtukana akaondoka salama, hakujibu kitu. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, mbona nimenyamaza. Tangu siku hiyo sikariri chochote ndani ya gari. Nasoma barabara mpaka koo linakauka.

Wakala wa bima alikuja Jumamosi. Ni mama wa makamo, mpole, miwani yake inaning'inia kifuani kwa mkufu. Alieleza vizuri hata mimi nikaelewa. Alisema bima kubwa inapatikana hata kwa dereva aliyevuka miaka sabini, ila ni lazima atie saini tamko kwamba macho na viungo vyake ni vizima, na yeye wakala apande gari aone anavyoendesha. Bibi akasema kama ni kupimana basi wakala naye apimwe masikio, maana ameshaambiwa mara mbili sukari ajiwekee na bado anasubiri kuwekewa. Wakala alicheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani. Mimi sikucheka.

Kabla hatujatoka, Bibi alinivuta jikoni. Akanishika kola akijifanya anainyoosha, akasema wakala atakaa mbele, mimi nikae nyuma yake, nisome barabara kama kawaida lakini kwa sauti ya mtoto anayekariri masomo. Nikasema sawa, Bibi. Ningesema nini?

Mwanzo mambo yalikwenda. Nilinong'ona mambo yangu, na wakala akamwambia Bibi kwamba mjukuu wake ana bidii. Lakini wakala ana mabega mapana, nikawa naona kwa kuchungulia. Tulipokata kona ya duka la vitabu, msichana mmoja alishuka kutoka pembeni kuingia barabarani, upande wa kushoto, macho kwenye simu. Nilimwona. Nikafungua mdomo na sauti haikutoka. Bibi hakupunguza mwendo. Wakala alikuwa ameinama anaandika. Mama, nilimwona yule msichana kwa karibu kiasi kwamba niliona kamba ya kiatu chake imefunguka, na bado sauti haikutoka.

Kisha ikatoka, nikapiga kelele Bibi asimame. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kalamu ya wakala ikaruka hadi kwenye kioo, na msichana akapita bila hata kuinua kichwa.

Nilijua yamekwisha. Nilijua wakala atashuka hapo hapo aende zake kwa miguu. Lakini yeye alishusha pumzi, akaokota kalamu, akamsifu Bibi. Alisema ameona vijana wengi wasioweza kusimamisha gari hivyo, na kwamba upande wake hana neno, warudi nyumbani watie saini. Nilitamani kulia. Nilikuwa nimeogopa kwamba Bibi atashindwa, kumbe hofu kubwa zaidi ilikuwa kuona amefaulu.

Nyumbani Bibi alishika kalamu. Wakala, kwa kutimiza wajibu wake tu, akamkumbusha kwamba ikija kugundulika dereva alificha ugonjwa, kampuni inaweza kukataa kulipa. Bibi akamwomba arudie. Akarudia. Bibi akauliza, hata kama aliyeumia ni mtoto aliyekaa ndani ya gari? Wakala akasema, hata huyo.

Bibi akaiweka kalamu mezani. Akasema jicho lake la kushoto halioni. Lilianza kwa ukungu na sasa ni giza tupu, na mjukuu wake ndiye jicho. Alisema kila asubuhi huwasha gari kwa hofu, na kwamba alidhani akilipia bima kubwa zaidi hofu itapungua.

Nami siku zote nilidhani ndani ya lile gari mwoga ni mimi peke yangu.

Wakala hakumkaripia. Alivuta kiti karibu yake akasema gari si lazima lipoteze bima, mwenye gari na dereva si lazima wawe mtu mmoja. Bima ndogo ingetosha kwa gari la umri ule, ila aongeze kinga ya abiria, na atajwe dereva mwingine mwenye leseni. Bibi akasema basi yeye aandikwe abiria. Wakala akauliza dereva atakuwa nani. Bibi akatazama dirishani, halafu akataja jina lako. Wakala akauliza uko wapi. Bibi akasema uko njiani.

Sasa gari limefunikwa turubai, na wakala anasubiri nakala ya leseni yako. Keshokutwa tunakwenda kwa daktari wa macho kwa miguu. Bibi anaogopa kwamba la kulia nalo litafuata. Mimi pia naogopa, Mama. Naogopa anavyokaa kimya, maana hata muuza maziwa amemzidishia bei na hakugomba. Hajui kwamba nakuandikia, wala hawezi kukuomba urudi, wewe unajua alivyo. Najua huko una kazi, na najua ada yangu inatoka huko. Nimeyafikiria yote hayo kabla ya kushika kalamu.

Wasalimie wenzako wa zamu, na yule anayekuletea dawa ya mgongo mwambie nashukuru. Nijibu hata kwa mstari mmoja, Mama. Uko njiani?

Ni mimi mwanao,
ninayekungoja