Geji Iliyotundikwa Msumarini

Rasbura,
Lindi.
12 Septemba 1996

Mpendwa dada Magdalena,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bukoba, wewe na shemeji, na kwamba ile homa ya Stella imeshamwacha. Sisi huku tunapumua. Mama anakula kidogo kidogo tangu tumzike Tomaso, lakini juzi aliomba samaki, nasi tukafurahi.

Barua yako ilifika. Unauliza kama ni kweli mzee Bakary, muuza spea, alimwuzia marehemu mdogo wako injini yenye mkono wa mtu. Unasema wazee wanangoja neno lako, wewe kifungua mimba, kabla ya kikao cha Oktoba. Dada, huku ameshahukumiwa. Hakuna anayenunua kwake, na wiki iliyopita walimvunjia mlango. Alikuja hapa gereji akalia mbele yangu, mtu mzima yule. "Mwanangu Alex, injini nimeuza, uchawi siuzi mie."

Kabla sijakujibu, nikueleze yanayotokea hapa, na usinicheke. Unaikumbuka geji ya zamani ya Tomaso ya kupimia upepo, yenye ufa kwenye kioo? Imetundikwa msumarini, haijaunganishwa na kitu chochote. Mshale wake ulilemaa zamani, ukawa unakaa kwenye nusu hata pasipo upepo. Tangu tuanue matanga, kila ifikapo saa tisa alasiri, mshale unapanda taratibu mpaka moja na nusu, unasimama hapo, na ikifika saa kumi na moja unashuka. Hakuna anayeigusa. Nikiinama kwenye injini ya mteja, upepo mwembamba unanipuliza shavu la kushoto, nao unanuka karafuu. Mke wangu Scholastica ameinusa pia, na siku hizi chakula changu anakiacha mlangoni.

Sasa jibu lako. Ile pikapu ya Tomaso, tuliyoitia injini ya mzee Bakary, tuliifungia bomba dogo la upepo kutoka lori bovu. Upepo unaingia kwenye kikopo chenye mpira ndani, mpira unasukuma kijiti, kijiti kinafungua mlango wa hewa wa injini, na gari linavuta kweli kweli. Upepo ukizidi, kijiti kinapita mwisho wake na mlango unakwama wazi. Kwa hiyo kila safari lazima upimwe. Tomaso aliandika 1½ ukutani kwa chaki, lakini yeye mwenyewe alipima kwa shavu. Aliusogeza mrija wa upepo usoni, akafumba macho, akakaza au kulegeza skrubu ya kuongeza na kupunguza upepo. Nilimtania sana. "Namba kaa nazo wewe, mie nna shavu langu," ndivyo alivyokuwa akinijibu.

Siku ile shavu lilikuwa limevimba kwa jino. Alijaza karafuu mdomoni, akaniambia nipime mimi. Nami nilikuwa nimenunua geji mpya ya Dubai, si unajua siku hizi maduka yamejaa kila kitu, nikawa na hamu ya kumwonyesha. Ikasoma moja. Nikatazama ukutani, nikakaza skrubu mpaka moja na nusu.

Sikukumbuka kwamba namba ya ukutani ilitoka kwenye geji mbovu, inayozidisha nusu. Upepo wake halisi ulikuwa moja tu. Tomaso aliujua uongo wa geji yake. Mimi nilikuja na geji ya kweli, nikamuua nayo.

Saa tisa alasiri, kwenye mteremko karibu na Kiranjeranje, na magunia ya ufuta nyuma, injini ilikataa kutulia, pikapu ikapinduka naye. Nilikwenda kuikagua pikapu peke yangu. Nilikuta mlango wa hewa umekwama wazi, nikaufunga kwa mkono wangu kabla watu hawajauona.

Mzee Bakary hana kosa. Waandikie wazee hivyo, nami kikaoni nitasimama niseme mwenyewe. Naogopa, dada, na aibu imenila. Sikuombi unisamehe upesi.

Nisalimie shemeji, Stella na Benedicto. Mama na Scholastica wanakusalimu, hawajui nilichoandika. Mungu aliyekulea ugenini aendelee kukushika mkono utakapofika kwenye ukurasa huu.

Nilidhani nikimaliza kuandika mshale utashuka. Saa kumi na moja imepita, bado uko moja na nusu. Nadhani Tomaso anangoja uisome.

Wako akupendaye, hata ukiacha kunipenda,

Alex