Beleshi Moja Mferejini

Delfina shoga, nimeharibu. Niko hapa mferejini nalia kama mtoto.

Si unajua jana nilipeleka ule utafiti wangu kwenye mkutano wa mfereji wetu wa kumwagilia mashamba? Theluji ya milima ya Sangre de Cristo itapungua vipi, mto utabaki na nini. Nikawaonyesha mstari kwenye mchoro unashuka, unashuka. Mzee Abrán akauliza, "Binti, acha kuzunguka. Maji yataisha lini?"

Na mimi kwa kiherehere changu: "Ikifika 2060, kila Agosti mfereji utakuwa mkavu."

Hakuna aliyebisha. Hata kunitukana hawakunitukana! Wakavaa kofia zao, wakaondoka.

Sasa leo ndiyo siku ya kusafisha mfereji. Kila nyumba inatoa mtu na beleshi lake, tangu enzi za mababu, wewe mwenyewe ulishawahi kuchubuka mikono hapa. Nyumba arobaini, Delfina.

Nimemkuta baba peke yake. Peke yake! Miaka sabini na sita, yuko ndani ya mfereji anatupa tope nje.

"Baba, wenzako wako wapi?"

"Wamekuamini, mwanangu."

Wamekuamini. Wala hakunikaripia.

Nikamwuliza, "Na wewe huniamini?"

Akafuta jasho. "Nakuamini. Si mimi niliyekusomesha hizo hesabu? Lakini theluji ya mwaka huu imeshaanza kuyeyuka. Maji yakija kesho, yapite wapi?"

 Michoro yangu yote inaanzia 2040. Mwaka huu haumo.